Sungura Aliyelishwa kwa Kijiko

Asubuhi katika nyumba ile ilinukia sabuni. Mama wa nyumba alikuwa dobi. Alifua nguo za watu uani, akazianika kwenye kamba, kisha akazipiga pasi sebuleni karibu na dirisha. Mumewe alichonga funguo. Kibanda chake kilikuwa kwenye kona ya barabara, na kila mtu alimwita Fundi, hata mkewe. Binti yao alisoma shule ya msingi. Mdomo wake haukupumzika, ndiyo maana wakamwita Kasuku.

Na alikuwepo Babu, baba yake Fundi. Babu hakuwa na jino hata moja. Tangu Bibi, mkewe, alipofariki, hakuwahi kuvuka kizingiti cha mlango. Alishinda kwenye kiti chake akitazama ukuta. Miguuni kwake alilala sungura wa kijivu. Sungura huyo alikuwa wa Bibi. Bibi ndiye aliyempa jina la Mkaguzi, kwa sababu alinusa kila kona ya nyumba kama mtu aliyetumwa na serikali.

Baada ya mazishi Babu alikataa chakula. Kila alipoletewa bakuli, alilisukuma kando. Alikonda hadi shati likawa linamning'inia mabegani. Mama alimbembeleza, Fundi akamgombeza, Kasuku akalia. Haikusaidia kitu.

Kisha siku moja Babu alichota uji kwa kijiko, akamsogezea Mkaguzi. Mkaguzi akaulamba wote. Babu akatabasamu kidogo. Akachota kijiko kingine, akakinywa mwenyewe.

Tangu siku hiyo wakawa wanakula pamoja. Kijiko kwa Babu, kijiko kwa Mkaguzi. Walikula uji, mkate uliolowekwa kwenye maziwa, viazi vilivyopondwa na ndizi mbivu. Mama alipoona hivyo alishukuru moyoni. Akaongeza maji kwenye sufuria, akawa anawapikia wote wawili.

"Mwache tu," alimwambia mumewe. "Bora baba anakula."

Miezi ikapita. Mkaguzi akabadilika polepole, wala hakuna aliyeshtuka. Zamani alikuwa mtundu. Alitafuna waya wa pasi. Alitafuna pindo za nguo za wateja, na Mama alimfukuza kwa ufagio kila siku. Sasa akaacha. Alikaa pembeni, mgongo umekunjika, macho nusu yamefumba.

"Siku hizi ana adabu," Mama alisema huku akinyoosha kola ya shati.

"Amekua," Fundi alijibu. "Kila mtu hutulia akikua. Isipokuwa binti yako."

"Nimesikia, Baba!" Kasuku alipiga kelele kutoka uani.

Wakacheka. Hawakujua kwamba sungura huficha ugonjwa wake. Porini mnyama anayeonekana dhaifu huliwa kwanza, kwa hiyo sungura hujikaza. Anayekaa kimya kupita kawaida huenda anaumwa.

Siku moja Mama alipofagia sebule, aliona jambo. Chini ya kiti cha Babu kwa kawaida palikuwa na vidonge vya choo cha sungura, mviringo kama punje za pilipili manga, na vikubwa kidogo. Siku hiyo palikuwa na vichache tu. Vilikuwa vidogo sana na vikavu. Akainama amtazame Mkaguzi. Kidevu chake kilikuwa kimelowa udenda. Manyoya ya shingoni yalikuwa yameshikana.

"Baba, huyu ana nini?"

"Uji humdondokea," Babu alisema. "Na mimi hunidondokea. Mbona huniulizi?"

Mchana wa siku hiyo Babu alimsogezea Mkaguzi kijiko. Mkaguzi akanusa. Akafungua mdomo, akaufunga, akageuza uso. Babu akajaribu tena na tena. Mwisho akaweka kijiko chini.

"Hataki," alisema. "Basi na mimi nimeshiba."

"Baba, hujaonja hata kidogo!"

"Nitakula atakapokula."

Mama alisimama na bakuli mkononi. Uji ukapoa. Alikumbuka zile siku za baada ya mazishi, namna mifupa ya mikono ya mzee ilivyokuwa imejitokeza. Hofu ikamshika. Sungura huyu akifa, Babu atamfuata.

Kasuku aliporudi kutoka shule, alilala kifudifudi sakafuni, sikio karibu na uso wa Mkaguzi.

"Mama, anasaga meno. Njoo usikie. Krr, krr."

Fundi naye alikuja kula. Akamshika sungura, akamfunua mdomo kwa kidole. Wote waliona. Meno ya mbele yalikuwa marefu, yamejipinda kama ndoana. Jino moja la chini lilikuwa linagusa mdomo wa juu.

"Kumbe ni meno tu!" Fundi alisema kwa furaha. "Mnanitia wasiwasi bure. Mimi nakata chuma kila siku, nitashindwa na jino?"

"Fundi, chuma hakisikii maumivu," Mama alisema.

"Ni kama kucha. Nakata kidogo, nalainisha kwa tupa, kwisha."

"Mpeleke kwa daktari wa mifugo."

"Daktari atafanya nini zaidi ya kukata? Baba, mshike vizuri."

Babu alimshika Mkaguzi kifuani. Fundi akatoa koleo mfukoni, lile la kubania funguo. Akalifuta kwa shati lake. Akabana.

Tak!

Jino halikukatika. Lilipasuka kwa urefu, hadi kwenye ufizi. Damu ikatoka. Na Mkaguzi akapiga ukelele. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kusikia sauti ya sungura. Ilikuwa nyembamba na kali, kama ya mtoto mchanga. Kasuku akaziba masikio.

Babu alimfunika sungura kwa mikono yote miwili. Alimtazama mwanawe.

"Toka," alisema.

"Baba, nilikuwa nataka..."

"Toka mbele yangu."

Fundi akatoka. Alisimama uani katikati ya shuka za watu, koleo bado mkononi.

Mama hakungoja. Aliizima pasi. Akatandika taulo ndani ya kapu la nguo, akamlaza Mkaguzi humo. Akamwachia Kasuku nyumba na Babu. Alipofika njiani alisikia hatua nyuma yake. Fundi alikuwa anamfuata. Akalishika kapu upande mmoja, wakaenda.

Kwenye kituo cha matibabu ya mifugo kulikuwa na benchi refu. Mwanamume mmoja aliyekaa na mbuzi alichungulia ndani ya kapu.

"Huyo ameletwa kutibiwa au kutiwa kwenye mchuzi?"

Mama alimtazama bila kucheka. "Na huyo mbuzi wako je, umemleta kusoma?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenye mbuzi naye akacheka. Kisha akaona damu kwenye taulo, akasogea pembeni. "Tangulia, dada," akasema. "Mbuzi wangu ni kwato tu."

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimweka Mkaguzi mezani juu ya taulo. Alimpapasa tumbo, akasikiliza kwa chombo chake. Alimulika mdomoni kwa tochi ndogo. Alichukua muda.

"Ameacha kula tangu lini?"

"Leo mchana," Mama alijibu.

"Labda leo ndipo alipokataa kabisa. Lakini amekonda. Mguse hapa mgongoni."

Mama akagusa. Chini ya manyoya mazito kulikuwa na mifupa mitupu.

"Manyoya yalitudanganya," akasema.

"Huwadanganya wengi. Ndiyo maana sungura apimwe uzito mara kwa mara, au apapaswe mgongo. Macho peke yake hayatoshi." Daktari akashusha tochi. "Nani amempasua jino hili?"

Fundi aliinua mkono kama mwanafunzi. "Ni mimi. Kwa koleo."

"Usirudie tena. Jino la sungura likibanwa hupasuka, na ufa huingia hadi kwenye mzizi. Wadudu hupitia hapo, taya likaoza. Sisi tuna kifaa cha kulikata bila kulipasua. Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Haya meno ya mbele mmeyaona. Ya nyuma hamkuyaona. Magego yake yameota ncha kali. Zinamchoma ulimi na mashavu. Ndani ya mdomo ana vidonda. Ndiyo maana anatoa udenda. Ndiyo maana anasaga meno. Ni maumivu."

"Kwa nini yameota hivyo?" Mama aliuliza.

"Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote. Kinachoyapunguza ni kutafuna nyasi. Hutafuna kutwa nzima, na meno yakasagana. Niambieni, huyu hula nini?"

Mama alimtazama Fundi. Fundi alitazama sakafu.

"Uji," Mama alisema. "Mkate kwenye maziwa. Viazi. Ndizi."

"Nani anampa?"

"Mzee wetu. Hana meno. Wanakula bakuli moja."

Daktari akauliza, "Na nyasi?"

Hapo Mama akashika mdomo. Aliiona picha yake wazi kabisa: Bibi akirudi jioni, mfuko wa nyasi kwapani, viatu vina tope. Kila siku. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini alijisumbua hivyo. Bibi alipokufa, hakuna aliyekwenda tena.

"Hatukujua," alisema. "Tulidhani anacheza tu na nyasi zake."

"Sikilizeni," Daktari alisema. "Tumbo lake pia limesimama, halisagi chakula. Tumbo la sungura halipaswi kusimama. Akikosa chakula nusu siku tu na choo kikapungua, ni hatari. Akimaliza siku nzima bila kula, anaweza kufa. Msingoje kesho. Nitampa dawa ya maumivu na dawa ya kulichangamsha tumbo. Baada ya hapo nitamlaza kwa dawa ya usingizi, nisawazishe magego na kulitengeneza hilo jino. Lakini amedhoofika. Huenda asiamke. Siwezi kuwaahidi."

Walikaa nje kwenye benchi. Mwenye mbuzi alikuwa ameshaondoka. Fundi alikuwa anasugua vidole vyake vyeusi kwa unga wa chuma.

"Mke wangu," alisema, "akifa, mwambie Baba ni mimi niliyemuua. Usimwambie habari ya uji."

"Na akipona?"

"Akipona pia usimwambie. Mzee atavunjika moyo."

"Asipojua, kesho atamlisha tena kwa kijiko."

"Tutakificha kijiko."

"Fundi, utaficha na mkate na ndizi? Utamficha baba yako?"

Fundi akarudi kusugua vidole.

Jua lilikuwa limeshuka sana Daktari alipowaita. Mkaguzi alikuwa amelala ubavu, amefunikwa blanketi. Mbavu zake zilipanda na kushuka. Sikio moja likatikisika.

"Ameamka," Daktari alisema. "Bado hajapona. Kazi iliyobaki ni yenu."

Aliwapa unga wa nyasi zilizosagwa wa kukoroga na maji ya uvuguvugu. Akawapa bomba la sindano lisilo na ncha. Akamwonyesha Mama namna ya kuliingiza pembeni mwa mdomo, kidogokidogo, na kungoja ameze.

"Ukisukuma kwa nguvu, chakula kitaingia kwenye mapafu. Mpe mara kwa mara hadi aanze kula mwenyewe. Dawa ya maumivu ni hii ninayokupa. Usimpe vidonge vya watu. Dawa nyingi tunazomeza sisi humuua sungura. Maji safi yawepo muda wote. Na nyasi ziwepo mbele yake muda wote, hata kama hazigusi. Anzeni na kidogo, tumbo lizizoee. Zisiwe na ukungu. Zisitoke kandokando ya barabara penye moshi na mafuta ya magari, wala mahali palipopulizwa dawa."

Nyumbani, Babu alikuwa amekaa vilevile walivyomwacha. Kasuku alikuwa amemshika mkono. Mama aliliweka kapu miguuni pake, akapiga magoti. Akaeleza kila kitu. Alieleza habari za magego, vidonda na nyasi. Hakuiruka habari ya uji.

Babu alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Hapana, Baba. Ni sisi sote. Mimi ndiye niliyekuwa napika."

"Mkono uliomlisha ni huu." Aliutazama mkono wake kama ni wa mtu mwingine. "Marehemu alinikabidhi mnyama wake. Nami nikamlisha maradhi."

Akageukia ukuta. Jioni hiyo hakula. Asubuhi hakula pia. Mama alifua bila kuona anachofua. Alijiuliza kama ukweli wake ndio utakaommaliza mzee.

Saa ya kumlisha Mkaguzi ikafika. Kasuku, aliyemshikia usiku, alikuwa shuleni, na Fundi kibandani. Mama alijaribu peke yake. Mikono yake ilikuwa na michubuko ya sabuni. Sungura aliponyoka, unga ukamwagika sakafuni. Akajaribu tena. Ukamwagika tena. Mama akakaa chini pale pale, akalia.

"Baba," alisema, "njoo unishikie. Siwezi peke yangu. Akikosa chakula leo atakufa."

Babu hakugeuka. Mama akangoja. Kisha kiti kikalia, kii. Mzee alishuka taratibu hadi sakafuni, magoti yakilalamika. Akamfunga Mkaguzi kwa taulo, kichwa kikabaki nje. Akamwegemeza kifuani.

"Lete hilo bomba," alisema. "Wewe una haraka. Huyu si shati."

Akaliingiza pembeni mwa mdomo. Akasukuma kidogo, akangoja. Mkaguzi akameza. Akasukuma tena kidogo. Mzee hakuwa na mahali pa kuwahi. Alingoja kila tone.

Walifanya hivyo kutwa, na kesho yake pia. Mama alimletea Babu uji. Alikunywa maji tu.

Jioni Kasuku alikuwa anafagia chini ya kiti. Ghafla akatupa ufagio.

"Amekunya! Babu! Mama! Mkaguzi amekunya!"

"We mtoto!" Babu alisema. "Jirani wote wajue?"

"Lakini amekunya, Babu! Vikubwa! Tazama!"

Alivileta kwenye kiganja, kama mtu aliyeokota shanga. Babu akainama, akavitazama kwa makini. "Ndiyo," alisema polepole. "Hivi ni vya mtu mzima."

Fundi aliingia akiwa na fungu la nyasi. Aliliweka mlangoni, mbali na baba yake, bila kumtazama.

"Umezitoa wapi?" Babu aliuliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mwanawe tangu siku ile.

"Kando ya kibanda, Baba."

"Barabarani? Daktari alikataza. Kamwage." Babu akaelekeza macho mlangoni. "Mama yako alikuwa akikata nyuma ya uwanja wa mpira. Aliniambia mara nyingi twende wote. Nilikuwa na uvivu."

Akainama, akapapasa chini ya kiti.

"Viatu vyangu viko wapi?" Babu aliuliza.

Asubuhi Fundi alimpa mundu mdogo. Alikuwa ameunoa kibandani hadi ukang'aa. Babu alipitisha dole gumba juu ya makali, akaitikia kwa kichwa. "Hii ndiyo kazi ya tupa," alisema. Kisha akavuka kizingiti, Kasuku kando yake. Alitembea polepole, akisimama kupumua. Macho yalimuuma kwa mwanga.

Mlinzi wa uwanja aliwaona wakikata nyasi kwenye uzio.

"Mzee, una ng'ombe wangapi?"

"Nina mmoja," Babu alisema. "Mdogo. Ana masikio marefu."

"Alikuwepo bibi mmoja akija hapa na mfuko. Simwoni siku hizi."

"Alikuwa mke wangu," Babu alisema.

Mlinzi akavua kofia. Alisimama nao hadi mfuko ukajaa. Kisha akawaonyesha upande ambao haujapulizwa dawa.

Babu alirudi amechoka, jasho limemlowesha. Alikaa sakafuni, akachagua majani machache, akayaweka mbele ya Mkaguzi. Mkaguzi akanusa. Akageuka. Mama alifumba macho.

"Mwacheni," Babu alinong'ona. "Msimtazame."

Wote wakatazama pengine. Kukawa kimya. Halafu wakasikia sauti ndogo, kama karatasi inayochanwa. Jani moja lilikuwa linaingia mdomoni polepole, taya likienda kulia na kushoto. Likaisha. Mkaguzi akachukua la pili.

Alipona, ingawa si kabisa. Lile jino lililopasuka liliota limepinda, na hadi leo Fundi humpeleka kwa Daktari likatwe. Huketi benchini na kapu mapajani, asiseme neno juu ya koleo. Babu naye bado kuna siku huamka akiwa mzito, akae bila kusema na mtu. Lakini hata siku hizo hutoka na mfuko wake. Kila asubuhi humpapasa Mkaguzi mgongo, humtazama kidevu na meno ya mbele, kisha hutazama choo chini ya kiti. Kasuku humpima kwenye mizani ya mwenye duka, na mwenye duka hulalamika kwamba manyoya yataingia kwenye sukari.

Ila siku ile ya jani la kwanza, Babu alikaa akisikiliza hadi nyasi zikaisha. Kisha akamgeukia Mama.

"Mkwe wangu, umeacha kunipikia?"

Mama alikimbilia jikoni. Alirudi na bakuli la moto, mvuke unapanda. Babu akachota, akapuliza, akanywa. Akachota tena. Mkaguzi alisogea, akasimama kwa miguu ya nyuma, pua ikicheza, akauelekeza uso kwenye bakuli.

Babu akaliinua bakuli juu, mbali naye.

"Hiki si chako, ndugu yangu," alisema. Akanywa hadi akakwangua chini.